TAHARIRI: Kelele za Nairobi zasifiwa ng'ambo, nyumbani zaitiwa polisi

Agosti 2020, Nairobi ikifungwa saa tatu usiku na baa zote zikiwa na kufuli kwa sababu ya corona, vijana wawili wa hapa jijini walitoa albamu kwa jina Duma. Haikuzinduliwa katika klabu yoyote ya Westlands, maana hakukuwa na klabu iliyofunguliwa. Wala si muziki ambao mtangazaji wa redio angekuwekea asubuhi ukiwa umekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way. Mtu akiusikia mara ya kwanza hudhani spika imepasuka. Ngoma za kompyuta zinashuka kama mvua ya mawe juu ya mabati, gita linanguruma, halafu juu yake kuna binadamu anayepiga mayowe hadi unajiuliza koo lake limeundwa kwa nini.

Albamu hiyo iliandikwa kwa heshima na majarida ya muziki ya Uingereza na Marekani, heshima ambayo wasanii wetu wengi wa redioni wanaitafuta miaka nenda miaka rudi. Hapa nyumbani, ukisimama stejini Kangemi umuulize kijana kama anawajua Martin Kanja na Sam Karugu, kuna uwezekano mkubwa atakujibu, "Hao ni kina nani tena?" Mwenzake wa Loresho, mwenye intaneti ya nyumbani na simu ya bei, huenda akajibu vivyo hivyo.

Tunaandika kuhusu hawa wawili kwa sababu mwanzo wa safari yao unasema jambo kuhusu jiji hili ambalo kaunti, wazazi na majirani hawapendi kulisikia. Nairobi inazaa wanamuziki wa ajabu. Kisha inawanyima chumba.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili, duma ni yule mnyama wa mbio. Wao hawakumkusudia huyo. Walitoa jina lao kwa Kikuyu, kwenye neno la giza, nduma. (Msomaji wa Kangemi ataongeza haraka kwamba nduma pia ni ile inayochemshwa na kuliwa na chai. Ni kweli, na hakuna aliyekatazwa kusikiliza huku akila.) Kanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndiye mwenye sauti. Karugu ndiye mwenye gita na mashine. Wote wawili walitoka katika bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, kabla ya kuungana mwaka wa 2019. Karugu aliweka kando gita la besi alilokuwa akipiga, akaanza kuunda midundo kwenye kompyuta.

Ndiyo, Nairobi ina wapenzi wa metali. Wako tangu zamani. Wanavaa nyeusi jua likiwaka, wanajuana kwa majina, na bendi kama Last Year's Tragedy na Crystal Axis zimewapa sababu ya kutoka nyumbani wikendi. Ni watu wachache wanaojaza ukumbi mdogo, wanaochanga pesa za kukodisha vyombo, na ambao wakirudi nyumbani mama anawauliza kama wamejiunga na kitu.

Swali hilo la mama lina historia. Mnamo 1994, Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya uchunguzi kuhusu ibada ya shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilikaa miaka kadhaa kabla ya kuwekwa wazi mwaka wa 1999. Aliyekuwa shuleni miaka hiyo anakumbuka uvumi uliotembea: pete, magari yanayobeba watoto, kanda za muziki ukizirudisha nyuma unasikia mambo. Wazazi wetu walilelewa ndani ya hofu hiyo na wengine hawajatoka. Kwa hivyo kijana anapofunga mlango wa chumba chake na sauti kama ya Duma ikapenya, hakuna anayefikiria sanaa. Wanafikiria kuita pasta.

Sasa fikiria jambo la vyombo, kwa maana hapa ndipo hadithi hii inatuhusu wote, hata wewe ambaye huwezi kumaliza wimbo mmoja wa metali. Bendi ya kawaida inahitaji seti ya ngoma, vikuza sauti viwili vitatu, watu wanne wenye nauli, na juu ya yote, chumba ambacho watu wanne wanaweza kupiga kelele saa tatu mfululizo bila mtu kugonga geti. Ngoma ya kweli haina kitufe cha kupunguza sauti. Katika bedsita ya Kangemi, ukuta mmoja ni wako na wa jirani. Katika SQ iliyo nyuma ya nyumba ya Loresho, miti ni mingi na ukimya ni mkubwa kiasi kwamba mbwa akibweha mtaa wa pili unamsikia. Kokote kule, ngoma ya kweli ni kesi.

Laptopu haina kesi. Unavaa hedifoni, unafungua FL Studio au programu nyingine, na unaunda ngoma za kasi ambayo mkono wa mpigaji wa kweli hauwezi kuifikia. Ndiyo maana muziki wa elektroniki unamea katika vyumba vya kulala kote Nairobi, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kusikika kama watu kumi. Muundo wa Duma, sauti moja na mashine moja, ni muundo ambao hata kijana asiye na pesa anaweza kuuiga kesho asubuhi. Lakini hedifoni zina mwisho wake. Besi husikiwa na kifua. Wimbo ambao haujawahi kutoka kwenye spika kubwa mbele ya watu walio hai bado haujakamilika, na mtu anayetaka kujua kama alichokiunda ni kizuri au ni uchafu tu hawezi kujua akiwa peke yake chini ya blanketi.

Kampala iliwapa chumba hicho. Katikati ya mwaka wa 2019, Kanja na Karugu walivuka mpaka wakakaa miezi mitatu wakirekodi katika studio za Nyege Nyege. Miezi mitatu! Hapa Nairobi ukiingia studio unalipa kwa saa, na mwenye studio anaangalia saa yake kuliko unavyoangalia yako. Wimbo mmoja kwenye albamu hiyo unaitwa Uganda with Sam, jina ambalo linasoma kama picha ya safari iliyoandikwa nyuma kwa kalamu.

Hao Nyege Nyege ni watu wa aina gani? Msomaji wa Kiswahili ashalicheka jina, tunajua. Waganda wanasema kwa Kiganda linamaanisha hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Tuwaachie hapo. Tamasha lao lilianza mwaka wa 2015 huko Jinja, penye chanzo cha Nile, na likafuatwa na lebo, Nyege Nyege Tapes, kisha lebo ndogo ya muziki wa klabu iitwayo Hakuna Kulala. Waanzilishi, Arlen Dilsizian na Derek Debru, walifanya kitu rahisi sana: walikusanya muziki ambao hakuna aliyeutaka, wakawapa wenye muziki huo nyumba, vyombo na muda.

Tusidanganyane kwamba Uganda ni peponi. Mwaka wa 2018 waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alijaribu kulipiga marufuku tamasha hilo, na mwaka wa 2022 wabunge wakajaribu tena. Mara zote mbili tamasha lilifanyika. Kilichowasaidia ni kwamba kulikuwa na watu waliokuwa tayari kubishana na serikali kwa ajili ya muziki wenyewe. Swali letu ni hili: nani Nairobi angebishana?

Maana Duma si wao pekee waliopita njia hiyo. Slikback, mtayarishaji wa Nairobi, alitoa kazi yake ya mwanzo, Lasakaneku, kupitia Hakuna Kulala mwaka wa 2018, na baada ya hapo akawa anaitwa kupiga Ulaya na Asia. Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka wa 2018. Huyu mjukuu hurekodi milio ya mazingira, barabara, upepo, nyaya za umeme, kisha huigeuza kuwa muziki wa polepole usio na mdundo. Albamu yake Peel ilitolewa 2020 na Editions Mego, lebo ya Ulaya. Siku hizi anaishi Berlin. Hatumlaumu hata kidogo. Mtu huenda panapomsikiliza.

Na kwa vile tumeitaja Berlin, kuna kisa ambacho vijana wengi wa Nairobi hawajawahi kukisikia ingawa kilitokea hapahapa katikati ya jiji. Kuanzia mwaka wa 2009 hivi, Goethe-Institut, ile taasisi ya Kijerumani iliyoko Maendeleo House, iliwaleta wanamuziki wa elektroniki kutoka Berlin wakakaa na kufanya kazi na wasanii wa hapa. Kati ya walioletwa walikuwa wawiliwawili: ndugu wawili wanaojiita Gebrüder Teichmann, na Modeselektor, yaani Gernot Bronsert na Sebastian Szary. Upande wa Nairobi walikuwepo Just A Band, Ukoo Flani, Abbas Kubaff, Nazizi na wengineo. Matokeo yalikuwa albamu ya mwaka wa 2011 iliyoitwa BLNRB, herufi za Berlin na Nairobi zikiwa zimepoteza irabu zao.

Tunawataja Modeselektor kwa sababu maalum. Bronsert na Szary ni vijana wa viunga vya nje ya Berlin, sehemu ambazo mwenyeji wa katikati ya jiji angezidharau kama tunavyosikia watu wakidharau Uthiru au Kinoo. Walikuwa bado wadogo Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka wa 1989. Ghafla mji ulijaa majengo matupu: viwanda vilivyofungwa, vyumba vya chini ya ardhi, ofisi zisizo na mwenyewe. Klabu ya Tresor ilifunguliwa 1991 katika chumba cha kuhifadhia mali cha duka kubwa la zamani, chenye milango ya chuma. Watoto wa umri wao waliingia mle na spika. Wawili hawa walianza kujiita Modeselektor mwaka wa 1996. Albamu yao ya kwanza, Hello Mom!, ilitoka 2005.

Hesabu mwenyewe: miaka tisa. Miaka tisa ya kupiga usiku wa manane mbele ya watu wachache, kukosea, kulipwa kidogo au kutolipwa, kununua mashine ya mtumba, kuiharibu, kununua nyingine. Hakuna aliyewauliza mwaka wa pili kama wana mamilioni ya kutazamwa YouTube. Hao ndio tunaowaona leo kwenye majukwaa makubwa na kusema Wajerumani wana kipaji cha mashine. Walikuwa na vyumba.

Nairobi haina ukuta ulioanguka wala viwanda vitupu vya kuchezea. Tuna jiji ambalo kila kiwanja kina mwenyewe, au wenyewe wawili walioko mahakamani. Jirani na Loresho kuna Kangemi na Kibagare, watu wamebanana hapo hadi hewa ni ya kugawana, na upande huu wa ua kuna nyasi zinazomwagiliwa bila mtu kuzikanyaga. Kijana wa pande zote mbili analia jambo moja: hakuna pa kwenda kupiga kelele bila kununua kinywaji cha bei ya juu.

Tuwe wa haki kwa majirani. Kikundi cha WhatsApp cha mtaa kinapowaka saa sita usiku kwa sababu ya muziki, si kila anayelalamika ni adui wa vijana. Kuna muuguzi anayeingia zamu alfajiri. Kuna mtoto wa mwezi mmoja. Kuna mtahiniwa wa Kidato cha Nne. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinasema mchana unaanza baada ya saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa mbili usiku, na kuanzia hapo kiwango kinachoruhusiwa maeneo ya makazi kinashuka hadi desibeli 35. Hiyo ni sauti ya watu wanaonong'ona. Na Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alipofuta leseni za klabu za usiku zilizo ndani ya mitaa ya makazi, watu wengi walipiga makofi, na si bila sababu. Klabu iliyobandikwa ukutani mwa ghorofa ya watu si utamaduni, ni uchokozi.

Lakini sheria hiyo ina macho ya ajabu. Inamwona haraka kijana mwenye spika mbili kwenye SQ. Haioni matatu yenye besi ya kutikisa madirisha inayopita Waiyaki Way alfajiri. Haioni kesha la Ijumaa lenye vipaza sauti vinavyoelekezwa barabarani, wala mjengo wa ghorofa kumi na mbili unaomwaga zege hadi usiku. Sisemi kesha lifungwe, tafadhali msiniandikie barua. Nasema tukubali kwamba hatuchukii kelele. Tunachukia kelele za watu wasio na wa kuwatetea.

Kuhusu kanisa, kuna jambo ambalo husahaulika katika mabishano haya. Vyombo bora vya sauti katika mitaa mingi ya Nairobi viko kanisani. Mpigaji ngoma aliyejifunza bila kulipa karo alijifunza kanisani. Fundi mitambo anayejua kwa nini maikrofoni inapiga mluzi alijifunzia kwenye ibada ya pili. Kanisa ndilo chuo kikubwa cha muziki tulicho nacho, na linafanya kazi kwa sababu moja rahisi: lina chumba, kiko wazi wiki nzima, na mtoto anaruhusiwa kukosea mbele ya watu wanaompenda. Kijana asiyeimba injili anastahili nusu ya hayo.

Wazazi wa mitaa yenye miti, hasa nyinyi, mna la kujibu. Mnalipia piano, mnalipia mtihani wa piano, mnarekodi mtoto akipiga kipande cha Mjerumani aliyekufa zamani na kuituma kwa jamaa wote. Mtoto huyohuyo akifungua laptopu na kuanza kukata sauti ya jenereta ya jirani ili aitengeneze mdundo, mnasema anapoteza wakati. Ralf Hütter na Florian Schneider, walioanzisha Kraftwerk huko Düsseldorf mwaka wa 1970, walitoka kwenye masomo ya muziki wa kizamani kama huo mnaoulipia. Wakaingia kwenye karakana iliyokodishwa na kuanza kubofya mashine. Nusu ya muziki mnaouchezea harusini una deni kwao.

Nanyi vijana, msione kama mmeponyoka. Kuna wasee huku mtaani wenye folda za nyimbo mia mbili ambazo hazijamalizwa. Kila mmoja anangoja "akae sawa" ndiyo atoe. Duma walikuwa na albamu tayari miezi michache baada ya kuungana, na si kwa sababu kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Itoe. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na kukuachia kilichobaki baada ya ada za malipo, na tangu Machi 2020 imekuwa na Ijumaa ambazo haikati fungu lake kabisa. Watu hamsini wanaonunua kweli ni doo kuliko watu elfu kumi wanaosikiliza bure na kwenda zao. Na kabla hujatia sahihi karatasi yoyote ya lebo, iwe ya hapa, ya Kampala au ya Berlin, msomee mtu mwingine kwa sauti. Ukiona haya kuisoma, usitie sahihi.

Kanja mwenyewe hakukaa akingojea kubebwa. Baada ya Duma alishiriki katika Tewari, albamu ya 2021 ya Mjapani anayeitwa Scotch Rolex, iliyotolewa na Hakuna Kulala. Mwaka wa 2024 alitoa albamu yake ya peke yake, The Adept, kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe na kuiita Haekalu. Ameeleza kwamba yeye ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, yule mama wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal na kuishi miaka kadhaa msituni, na aliyefariki mwaka wa 2023. Wanaosema muziki huu ni wa kuiga wazungu wangoje kidogo wafikirie hilo. Mtu anapiga mayowe ya msitu wa nyanyake wa nyanya, kwa jina la giza la lugha ya mamake, na sisi tunamwambia ni Mzungu.

Basi tunataka nini hasa? Hatutaki waziri aje kukata utepe. Hatutaki "kituo cha ubunifu" kingine chenye bango kubwa, kompyuta zilizofungiwa na mlinzi asiyejua ufunguo uko wapi. Santuri, shirika la hapa Nairobi linalofundisha muziki wa elektroniki na utayarishaji, limeonyesha kwamba vijana watakuja wakipewa mashine na mwalimu. Linalokosekana ni mahali pa kupiga baada ya kufundishwa.

Berlin ilipoona klabu zake zinafungwa kwa malalamiko ya majirani wapya, mwaka wa 2018 ilitenga euro milioni moja kusaidia wenye klabu kuweka kuta na milango ya kuzuia sauti. Hakuna aliyetumia pesa hizo kuwanyamazisha wanamuziki. Zilitumika ili jirani alale na muziki uendelee. Nairobi haina haja ya milioni ya euro ili kuanza. Inahitaji magodoro ya zamani, mbao, na mtu mmoja wa kaunti mwenye ufunguo.

Kaunti ina kumbi za jamii tangu enzi za mkoloni. Ule wa Kaloleni unajulikana na kila mtu. Vipo vingine mitaani, vingi hukodishwa kwa mikutano ya chama na mazishi, halafu hukaa vitupu siku zilizobaki popo wakivitumia bure. Wadi za Westlands, zenye Loresho, Kangemi na Mountain View ndani yake, zina wawakilishi waliochaguliwa kwa kura za vijana na wanaolipwa kila mwezi. Wachague ukumbi mmoja. Waweke spika mbili nzito zilizofungwa kwa mnyororo, soketi zinazofanya kazi, na daftari la kujiandikisha. Jumamosi mbili kwa mwezi, kuanzia saa nane mchana. Kila kundi dakika ishirini, iwe ni gengetone, kwaya, ushairi au wawili wanaopiga mayowe na kompyuta. Kiingilio shilingi hamsini, na nusu iende kwa waliopiga.

Izimwe saa moja kasoro robo jioni, saa nzima na zaidi kabla ya zile desibeli 35 za usiku kuanza. Majirani wa Loresho watakuwa ndiyo wanatafuta rimoti, taarifa ya habari ya saa moja haijasomwa hata kichwa.